Mwambie msomaji kabla hajabonyeza: mwongozo wa kutangaza linki zinazokulipa

Kila wiki napokea maswali yale yale kutoka kwa watu walioanza kuandika kuhusu bidhaa na kuweka linki za kamisheni. "Nikisema nalipwa, si watakimbia?" "Niandike wapi, juu au chini?" "Kwa Kiswahili nasemaje ili nieleweke?" "Sheria za Marekani zinanihusu nini mimi niliye Tanga?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande kwenye simu, na naona anayeanza anastahili jibu moja lililokamilika. Ndilo hili.

Tuelewane kwanza kuhusu kitu chenyewe. Linki ya kamisheni ni anwani ya duka yenye alama yako ndani yake. Mtu akiibonyeza akanunua, duka linajua ni wewe uliyemleta, nalo linakukatia asilimia kidogo. Amazon walianza mpango wao wa aina hii mwaka 1996, na leo maduka mengi ya mtandaoni yana mpango kama huo. Kwa lugha ya mtaani, wewe ni dalali, na udalali ni kazi ya halali. Mtu anayetafuta chumba Magomeni anajua dalali atataka kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo anasikiliza sifa za chumba akiwa amejipanga. Ubaya unaanza pale dalali anapojifanya jirani tu aliyepita njia.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita niliisifia blenda iliyokuwa ikiuzwa na duka moja la mtandaoni la Marekani. Linki ilikuwa yangu ya kamisheni, na sikusema. Dada mmoja anayeishi Minneapolis akaisoma ile makala, akaagiza, akampelekea mama yake Mombasa ndani ya sanduku la ndugu aliyekuwa anasafiri. Baada ya mwezi akaniandikia: "Dada, mama kaiwasha, ikanguruma, ikatoa moshi, basi. Fundi anasema ni ya umeme wa huku." Fundi alisema kweli. Blenda ile ilitengenezewa volti 120, na soketi ya Mombasa inatoa 240. Nilipofungua taarifa yangu ya mapato nikakuta blenda moja imeuzwa wiki ile aliyonunua, kamisheni yangu dola 1 na senti 80. Yule dada hakujua kwamba aliyemsifia alikuwa na chake ndani. Angejua, pengine angeuliza swali moja zaidi kabla ya kulipa: na umeme wa nyumbani je? Mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kuuliza.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini inatumikia jambo moja: msomaji ajue una chako ndani, kwa maneno anayoyaelewa, kabla kidole chake hakijagusa linki.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya mipango yote ya kamisheni uliyojiunga nayo, hata ile uliyoisahau. Tafuta kwenye barua pepe yako.
- Masharti ya kila mpango. Yasome mwenyewe, usitegemee ulichosikia kwa mwenzako.
- Daftari au jedwali la kompyuta, lenye safu nne: ukurasa, linki, nani analipa, umeshatangaza au bado.
- Simu ya bei ya kawaida yenye kioo kidogo. Wasomaji wako wengi wanasoma kwa simu ya namna hiyo, kwa hiyo usikague kazi yako kwenye kompyuta peke yake.
- Mtu mmoja asiyejua lolote kuhusu kamisheni za mtandaoni, atakayekubali kukusomea kwa dakika tano.
- Jioni mbili ikiwa una kurasa chache. Ikiwa una mamia, soma hatua ya 8 kwanza.

Hatua ya 1: Kusanya linki zako na uzitenge

Fungua kurasa zako moja moja na unakili kila linki inayoelekea dukani. Kisha zipange mafungu manne. La kwanza ni linki zinazokulipa mtu akinunua. La pili ni linki za bidhaa uliyopewa bure au kuazimwa. La tatu ni kazi uliyolipwa moja kwa moja kuiandika, iwe watu wamenunua au hawakununua. La nne ni linki ambazo hupati chochote.

Linki ya kamisheni utaitambua kwa mkia wake. Ibonyeze kwa kidole bila kuachia mpaka anwani nzima itokee, kisha itazame. Ya Amazon huwa na neno tag likifuatiwa na alama ya usawa na jina lako la mpango. Mipango mingine hutumia ref au namba yako ya ushirika. Linki iliyofupishwa haionyeshi mkia, kwa hiyo ifungue mpaka mwisho ndipo uone imekupeleka wapi.

Usisahau hizi, maana wengi huziruka:

- Promo kodi yenye jina lako. Mnunuzi anapata punguzo, nawe unapata fungu lako. Hiyo ni kamisheni hata kama hakuna linki.
- Linki za "alika rafiki" za programu za simu na za mikopo. Bonasi ya shilingi mia tano ni malipo.
- Duka la shemeji au la rafiki yako wa karibu. Hukulipwa senti, lakini una sababu ya kumpendelea, na msomaji ana haki ya kuijua.

Hatua ya 2: Soma masharti ya kila mpango

Hapa sitakawia, ila mambo matatu uyatafute: mpango unakutaka uandike maneno gani, unakuruhusu kuweka linki wapi, na unakukataza nini.

Mfano ni Amazon. Wanataka uandike waziwazi kwamba wewe ni mshirika wao na unapata mapato kutokana na manunuzi yanayostahili, na maneno yenyewe wameyatoa kwa Kiingereza: As an Amazon Associate I earn from qualifying purchases. Yaweke kama yalivyo, kisha chini yake weka sentensi yako ya Kiswahili. Watu wengi huweka ile ya Kiingereza tu wakadhani wamemaliza. Wamemalizana na Amazon. Mama anayesoma Kiswahili kule Pangani bado hajaambiwa kitu.

Amazon pia wanakataza kununua kwa linki yako mwenyewe kwa matumizi yako, na kumpa mtu zawadi au sehemu ya kamisheni ili atumie linki yako. Ule mtindo wa "nunua kwangu nikurudishie kidogo kwa simu" unaweza kukufungia akaunti.

Hatua ya 3: Andika sentensi yako, kwa Kiswahili cha watu

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na nataka tukae hapa kidogo.

Sentensi nzuri inajibu maswali mawili: nani anakulipa, na kwa tendo gani. La tatu, kama ni kweli, bei ya mnunuzi inabadilika au haibadiliki. Basi. Isizidi mistari miwili.

Sentensi ninazotumia mimi ni hizi, chukua yoyote ukaibadili:

"Linki za ukurasa huu zinanilipa. Ukinunua kupitia linki hizo, duka linanipa kamisheni. Bei yako ni ile ile."

"Jiko hili nilipewa bure na muuzaji. Ukilinunua kwa linki yangu napata pia kamisheni."

"Muuzaji amenilipa niandike makala hii. Maoni ni yangu, hakuyapitia kabla."

"Duka hili ni la shemeji yangu. Silipwi, lakini ujue ni ndugu."

Sasa angalia zile zisizofaa. "Ukurasa huu una viungo shirikishi." Nimewauliza watu watano nje ya kazi hii maana ya viungo shirikishi. Wawili walisema ni viungo vya pilau vinavyouzwa pamoja. Hawakuwa wanatania, neno viungo kwao ni iliki na mdalasini. FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji, imesema jambo hilo hilo kuhusu maneno ya Kiingereza: kuandika "affiliate link" peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu wa kawaida anaweza asijue kwamba maana yake ni kuwa aliyeweka linki analipwa. Ikiwa wenye lugha hawaelewi, sisi tutaelewaje tafsiri yake?

"Asante kwa kuniunga mkono" nayo haifai. Inaomba fadhila bila kusema fadhila yenyewe ni nini. "Huenda nikapata kitu kidogo" ni mbaya zaidi, kwa sababu unajua kabisa kwamba unapata. Neno huenda liweke pale ambapo hujui.

Onyo kuhusu "bei yako ni ile ile": liandike tu baada ya kuhakikisha. Kwenye maduka makubwa ya mtandaoni kwa kawaida ni kweli, kwa sababu kamisheni inatoka kwenye faida ya duka. Lakini kuna wauzaji wadogo wanaokupa bei yao na kukuachia uongeze cha juu. Hapo mnunuzi ndiye anayekulipa, na ukiandika kwamba bei haibadiliki umemdanganya. Kwa mauzo ya namna hiyo sema: "Bei hii ina faida yangu ndani."

Hatua ya 4: Iweke mahali jicho linapopita

Sentensi ikae juu, chini ya kichwa cha makala, kabla ya linki ya kwanza. Kisha irudie kwa ufupi karibu na kila kitufe cha kununua.

Nilidhani nalijua hili mpaka nilipompa mdogo wangu simu yangu. Yeye anauza vitenge na hana habari na kamisheni za mtandaoni. Nilikuwa nimeiweka sentensi juu, kwa herufi ndogo za kijivu ndani ya kisanduku cha kijivu. Akafungua ukurasa, kidole gumba kikashuka mara mbili, akasimama kwenye picha ya jiko. Akatazama bei. Akabonyeza. Nikamuuliza, "Mimi napata nini ukinunua hilo jiko?" Akanitazama. "Wewe? Kwani ni lako?" Sentensi ilikuwepo pale pale juu na hakuiona hata neno moja.

Tangu siku ile naandika kwa ukubwa ule ule wa maandishi ya makala, kwa rangi ile ile, bila kisanduku. Na juu ya kitufe cha kununua naweka maneno manne: "Ukinunua hapa, napata kamisheni."

Fanya jaribio hilo hilo wewe. Mpe mtu simu, mwache asome anavyosoma siku zote, kisha muulize: mimi nafaidika vipi? Asipoweza kujibu, sogeza sentensi au ikuze. Usimweleze. Ukishaanza kumweleza, jaribio limekufa.

Makosa ninayoyaona kila mara hapa:

- Kuweka maelezo kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" pekee. Anayeingia kutoka Google haufungui ukurasa huo.
- Kuyaweka mwisho wa makala. Linki zimeshabonyezwa.
- Kuyaficha nyuma ya maneno "soma zaidi".
- Kitufe kilichoandikwa "Nunua sasa" peke yake, mtu akidhani kinajieleza. Kinaeleza kwamba pana duka, hakielezi kwamba unalipwa.

Hatua ya 5: Weka alama kwenye linki yenyewe

Baada ya kila linki inayolipa, andika neno kamisheni kwenye mabano. Makala ikiwa na linki sita, mbili zinalipa na nne hazilipi, msomaji ataona tofauti papo hapo. Nakuhakikishia utapenda jinsi alama hiyo inavyokulazimisha kujiuliza kwa nini zile zinazolipa zimepangwa juu.

Kuna na alama ya pili, ya mashine. Ndani ya msimbo wa linki ongeza rel="sponsored". Google waliileta mwaka 2019 ili waandishi waonyeshe linki zenye malipo. Kabla yake watu walitumia nofollow, na hadi leo nayo inakubalika. Mifumo mingi ya kuchapisha makala ina kisanduku cha kutia tiki kwa kazi hiyo. Ila ujue: hiyo ni ya Google. Msomaji haioni, kwa hiyo haichukui nafasi ya sentensi.

Hatua ya 6: WhatsApp, video na mitandao

Kila mahali pana tabia yake.

WhatsApp ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu ujumbe unasambazwa. Ukituma ujumbe mmoja unaosema "leo natuma linki za kamisheni" kisha ujumbe wa pili wenye linki, mtu atasambaza ule wa pili peke yake. Ukifika kundi la kanisa au la kina mama wa chama, hauna tena maelezo. Sentensi na linki lazima vikae kwenye ujumbe mmoja, sentensi ikitangulia: "Linki hii ina kamisheni yangu." Kwenye status, iandike juu ya kila picha yenye linki, kwa sababu anayetazama anaruka picha. Ukituma ujumbe wa sauti, sema kwa mdomo kabla hujaanza kusifia.

Kwenye video, sema kwa mdomo na pia uandike kwenye kioo, mapema, kabla hujaonyesha bidhaa. Maelezo yaliyo chini ya video watu hawayafungui. Na wengi wanatazama bila sauti kwenye daladala, ndiyo maana maandishi ni lazima. Ukirusha matangazo ya moja kwa moja ya saa nzima, rudia kila baada ya muda, kwa kuwa watu wanaingia katikati.

Instagram na TikTok hukata maandishi baada ya mstari mmoja au miwili. Sentensi yako iwe ndiyo mwanzo, isiwe ya kumi katikati ya alama za reli (#). Mitandao mingine ina alama yake ya "ushirika wa kulipwa". Itumie, lakini usiitegemee peke yake. Ni ndogo na mara nyingi haionekani.

Hatua ya 7: Sema na yale yanayokupunguzia mauzo

Kutangaza kamisheni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumpa msomaji habari ambayo mtu anayelipwa ana kishawishi cha kuinyamazia. Ndipo kutangaza kwako kunapokuwa na uzito.

Chukua mfano wa presha kuka ya umeme, ambayo sasa inaulizwa sana Kenya na Tanzania. Kabla sijaweka linki naandika mambo haya: nimeipikia maharage mara ngapi kwa mikono yangu, au sijawahi kuigusa, nilinunua au nilipewa, volti zake ni ngapi na plagi yake ni ya aina gani, vipuri, hasa ule mpira wa kifuniko, vinapatikana wapi ukichakaa, na ikiwa Kariakoo au Biashara Street ya Nairobi inapatikana kwa bei nafuu kuliko kwenye linki yangu, nasema hivyo kwenye aya ile ile ya linki.

Ndiyo, nimepoteza mauzo kwa sentensi hiyo ya mwisho. Watu wale wale wamerudi kuniuliza kuhusu friji.

Kwa bidhaa za Marekani sasa nina mstari wa kudumu: "Kifaa hiki ni cha volti 120. Usimtumie mtu Afrika Mashariki bila transfoma inayokidhi wati zake." Kenya umeme ni volti 240, Tanzania 230. Uandike mstari huo hata kama makala inawalenga walio Marekani, kwa sababu masanduku yanasafiri.

Hatua ya 8: Rudi kwenye kurasa za zamani

Usijaribu kumaliza zote kwa siku moja. Anza na kumi zinazosomwa zaidi, kwa kuwa huko ndiko watu wanakobonyeza leo. Kwa zilizobaki weka sentensi ya jumla juu ya kila ukurasa kupitia mfumo wako, kisha zipitie kidogo kidogo. Ukikuta ukurasa ulioandika "nimeitumia mwezi mzima" na ukweli ni kwamba uliitumia siku mbili, sahihisha na uweke tarehe ya sahihisho. Huo ni uchungu wa mara moja.

Hatua ya 9: Weka kumbukumbu

Piga skrinishoti ya kila ukurasa baada ya kurekebisha, uihifadhi pamoja na tarehe. Hifadhi pia taarifa za mapato za kila mwezi. Kwa walio Kenya, tangu Julai 2023 mapato ya maudhui ya kidijitali ya mkazi, kamisheni za linki zikiwemo, yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo utazihitaji karatasi hizo mwisho wa mwaka.

Na sheria je?

Kwa ufupi. FTC ilitoa mwongozo wake wa wanaosifia bidhaa mwaka 1980, ikauhuisha mwaka 2009 na tena mwaka 2023. Kiini chake ni kwamba uhusiano wa malipo utangazwe kwa namna ambayo ni vigumu kuukosa na rahisi kuuelewa. Na wanasema waziwazi: anayeandika akiwa nje ya Marekani naye anahusika, ikiwa inatarajiwa kwamba maandishi yake yatawafikia wanunuzi wa Marekani. Ukiwa Tanga na wasomaji wako wako Ohio na Minnesota, sheria hiyo ni yako. Uingereza, ASA, chombo kinachosimamia matangazo huko, wanataka tangazo litambulike kuwa ni tangazo tangu mwanzo, na linki za kamisheni zimo.

Huku kwetu, ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa na huduma, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Hata usipokumbuka jina la sheria yoyote, ukifuata hatua za juu umezitimiza kwa sehemu kubwa.

Ukikwama

Mibonyezo imepungua baada ya kutangaza. Subiri mwezi mmoja kabla ya kuhukumu, na usiangalie mibonyezo peke yake; tazama mauzo. Mara nyingi wanaoacha kubonyeza ni wale ambao wasingenunua. Mauzo nayo yakishuka, pitia makala yenyewe: je, ilikuwa na habari, au ilikuwa sifa tupu?

Muuzaji anakukataza kutaja kwamba anakulipa. Mwandikie kwamba huwezi, na umwonyeshe sentensi utakayotumia. Akishikilia, acha kazi hiyo. Mtu anayetaka umfiche ana sababu, na siku mambo yakiharibika jina litakalobaki kwenye ukurasa ni lako.

Msomaji amekasirika: "Kumbe muda wote ulikuwa unalipwa!" Usijitetee. Mjibu: "Ni kweli, na nilipaswa kusema. Nimeweka maelezo sasa. Kitu ulichonunua kinafanya kazi? Kama kina tatizo niambie, nitalisema kwenye makala." Kisha litaje kweli tatizo hilo. Hivyo ndivyo nilivyomjibu yule dada wa Minneapolis, nikamtumia mama yake blenda ya volti 240 kwa pesa yangu.

Hukumbuki kama linki fulani inakulipa. Ifungue kwenye kivinjari ambacho hujaingia akaunti yako, usome anwani yote. Bado huna uhakika? Iondoe, weka anwani ya kawaida ya bidhaa.

Mpango umefungwa au duka limeondoka nchini. Jumia waliondoka Tanzania Novemba 2019, na linki za watu zikabaki zimening'inia. Ondoa linki na sentensi yake pia. Kutangaza kamisheni usiyoipata nako kunamchanganya msomaji, hasa kama umeiacha karibu na linki nyingine inayolipa.

Linki iko ndani ya picha au kipeperushi chenye msimbo wa kuskani. Andika sentensi kwenye picha yenyewe, karibu na msimbo. Maelezo yaliyo nje ya picha hayatasafiri nayo.

Umemwalika mtu akuandikie, naye kaweka linki zake. Muulize kabla ya kuchapisha, linki moja moja. Akisema ana kamisheni, andika kwamba ni yake: "Linki hizi zinamlipa mwandishi wa makala hii." Akikataa kujibu, ziondoe linki uchapishe maneno.